Mifupa ya Oldupai na Kitabu cha Mwanzo: Je, Ni Lazima Tuchague?

 

Mwezi wa Julai nilikuwa Karatu kwa shughuli za kazi. Wanaoujua mji ule wanaijua Julai yake: ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro na mtu hatoki nyumbani bila koti au blanketi. Asubuhi moja niliingia katika mgahawa karibu na stendi, nikaagiza chai ya maziwa na maandazi. Mezani nilimkuta mzee mmoja wa Kiiraqw, mkulima wa ngano na maharage, ambaye pia ni mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Aliponisikia nikizungumza na mhudumu aliitambua sauti. "Wewe si yule wa redioni?" Nikakubali. Akasogeza kikombe chake pembeni, akasema, "Basi mwanangu, Mungu amekuleta. Nina jambo linanitafuna."

Mzee huyo ana watoto wawili wa shule. Wa kiume yuko kidato cha pili. Shule yao iliwapeleka wanafunzi Bonde la Oldupai, kijana akarudi amejaa maswali. Jumapili iliyofuata, katika mafundisho ya kipaimara, akauliza: wale dinosaria, na yule mtu wa kale wa Oldupai, katika Kitabu cha Mwanzo wako sura ya ngapi? Mwalimu wake akamjibu mbele ya wenzake kwamba achague moja, Biblia au mifupa. Kijana akachagua. Tangu siku ile hajakanyaga kanisani.

Dada yake naye alikuwa amemaliza kidato cha nne, amefaulu vizuri baiolojia na kemia. Aliyasikia maneno yale yale, na yeye akachagua, ila upande wa pili. Alipojaza fomu ya kidato cha tano aliukwepa mchepuo wa sayansi akaenda biashara, kwa kuogopa kwamba sayansi itampokonya imani yake.

"Mmoja amekimbia kanisa, mwingine amekimbia maabara," mzee akaniambia. "Mimi baba yao nimebaki katikati. Hebu niambie, ni yupi aliyekosea?"

Ndugu msikilizaji, pale mezani sikuwa na jibu. Nilimwomba mzee anipe muda nisome na niwaulize wanaojua. Maongezi ya wiki hii ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila mzazi mwenye swali kama lake.

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo wengi wetu tunalo. Ngorongoro hakuna mifupa ya dinosaria. Kreta ile tunayojivunia ni mlima wa volkano ulioporomoka ndani yake wenyewe kiasi cha miaka milioni 2 na zaidi iliyopita. Mifupa ya Oldupai iko katika matabaka yaliyolala hapo baadaye. Ni mifupa ya tembo wa aina zilizokwisha, ya nyati wenye pembe za ajabu kwa urefu, ya viboko, ya nguruwe wakubwa, na ya viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Dinosaria walikwisha kutoweka duniani miaka milioni 66 iliyopita. Dinosaria wa Tanzania wanaosifika zaidi wako kusini, katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, nao ni wa miaka kama milioni 150 iliyopita.

Tarakimu kama hizi huingia sikio moja zikatokea la pili, kwa hiyo tuzipime kwa barabara. Chukua barabara ya Karatu hadi Arusha, ambayo ni karibu kilometa 150. Sema kila kilometa moja ni miaka milioni moja, na leo tumesimama mlangoni kwa yule mzee, pale Karatu. Dinosaria wa Tendaguru utawakuta Arusha mjini. Dinosaria wa mwisho kabisa utawakuta unapokaribia Makuyuni. Fuvu maarufu la Oldupai halifiki hata kilometa 2 kutoka mlangoni. Na ile miaka elfu sita ambayo baadhi yetu tulifundishwa kuwa ndiyo umri wote wa dunia ni mita 6 tu, kama kutoka mlangoni hadi kwenye zizi la ndama.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Je, barabara ni ndefu hivyo kweli, au dunia nzima ni zile mita 6 za uani? Kabla ya kujibu, tuangalie mambo haya yamejulikanaje na waliokuwa wakichimba walikuwa watu gani.

Mwaka 1906, nchi hii ikiwa koloni la Wajerumani, mhandisi wa madini aitwaye Bernhard Sattler alikuta mifupa mikubwa mno ikijitokeza ardhini huko Tendaguru. Mwaka uliofuata mtaalamu Eberhard Fraas alifika kuthibitisha. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilifanya uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Tukumbuke kwamba vita vya Maji Maji ndivyo kwanza vimekwisha mwaka 1907, vijiji vimechomwa na njaa imeua watu wengi kusini. Katika nchi iliyo majivu namna hiyo, mamia ya wananchi waliajiriwa kuchimba, na wapagazi wakaibeba mifupa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Ujerumani. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mwenyeji, Boheti bin Amrani, ambaye aliijua kazi hiyo kiasi kwamba Waingereza walipokuja baadaye walimchukua yeye yeye.

Matokeo ya jasho hilo yamesimama Berlin hadi leo: mifupa ya dinosaria mwenye shingo kama twiga, kimo chake zaidi ya mita 13. Ni mfupa wa Lindi, lakini mtoto wa Lindi akitaka kuuona hana budi kupanda ndege.

Mmoja wa walioongoza kazi ya Tendaguru katika msimu wa mwisho aliitwa Hans Reck. Mwaka 1911 daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alikuwa amepita katika bonde moja kwenye ukingo wa Serengeti akarudi kwao na mifupa ya kale. Wamaasai waliliita bonde hilo Oldupai, kwa jina la mkonge mwitu unaoota pale, na Wazungu kwa kutosikia vizuri wakaandika Olduvai. Mwaka 1913 Reck akatumwa kulichunguza. Huko alikuta kiunzi kizima cha mtu ndani ya tabaka la kale sana, akatangaza kwamba amepata mtu wa kale mno. Dunia ikashangaa.

Miaka ya Waingereza ilipofika, wao pia walikwenda Tendaguru. Mwaka 1924 msafara wao uliongozwa na William Cutler, ambaye mwaka uliofuata alikufa kwa malaria huko huko Lindi. Msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka 21 aliyekijua Kiswahili vizuri, jina lake Louis Leakey. Huyu ndiye Leakey ambaye jina lake halitengani tena na Oldupai. Alijifunza kuchimba kwa kuchimba dinosaria wa Lindi, kisha akaja kwetu kaskazini kuchimba binadamu.

Na kijana huyu alikuwa mtoto wa nani? Alizaliwa mwaka 1903 huko Kabete, Kenya, kwenye kituo cha misheni ya Kianglikana. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mmishonari aliyeshiriki kuitafsiri Biblia katika Kikikuyu. Louis mwenyewe alipokwenda kusoma Cambridge alikuwa na nia ya kurudi kuhubiri kama baba yake. Kwa hiyo aliyeufanya ulimwengu wote uijue mifupa ya Oldupai alilelewa katika nyumba ambamo Biblia ilikuwa ikitafsiriwa mezani.

Mwaka 1931 Leakey alimleta Reck Oldupai, wakaafikiana kwamba kile kiunzi ni cha kale kama tabaka lenyewe. Lakini wenzao walipochunguza udongo uliokizunguka iligundulika kwamba watu wa enzi za karibu walichimba kaburi, wakamzika mwenzao ndani ya udongo wa zamani. Mfu alikuwa mgeni katika tabaka lile. Leakey na Reck wakakiri hadharani kwamba wamekosea. Msikilizaji, jambo hili ni la kukumbuka. Wako wanaosema wataalamu wanatunga miaka jinsi wanavyotaka. Kama wangekuwa wanatunga, wasingejiumbua wenyewe mbele ya dunia.

Leakey na mkewe Mary waliendelea kurudi bondeni kwa miaka karibu 30, aghalabu kwa fedha kidogo. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa kambini ana homa. Mary akatoka kwenda kuzunguka, akaona mfupa umejitokeza kwenye mteremko. Ulikuwa ni fuvu la kiumbe mwenye magego makubwa mno, wakamwita Zinjanthropus. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani yetu. Mwezi huo huo wa Julai ndipo Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanza. Mwaka 1965 fuvu lenyewe lilirudishwa Tanzania, likawekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Umri wake ulijulikanaje? Leakey mwenyewe alikuwa amekisia miaka laki sita. Mwaka 1961 wataalamu wa Marekani, Evernden na Curtis, walipima majivu ya volkano yaliyolala pamoja na fuvu wakapata miaka milioni 1 na laki saba na nusu. Njia yao si uganga. Ndani ya mawe ya volkano kuna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hugeuka pole pole, kwa mwendo usiobadilika, kuwa gesi iitwayo argoni. Jiwe likiwa bado uji wa moto gesi yote hutoroka. Likishapoa, argoni mpya hunaswa humo ndani na kuanza kulimbikizana. Ni sawa na ndoo tupu iliyowekwa chini ya bomba linalovuja. Ukijua ni matone mangapi yanadondoka kwa saa, ukiangalia maji yaliyomo ndooni utajua ndoo iliwekwa lini.

Kusini kidogo ya Oldupai iko Laetoli. Huko mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kilianza kufukua nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu mabichi ya volkano miaka milioni 3 na laki sita na zaidi iliyopita, nyayo zilizofuatana kwa karibu mita 27. Na mwaka 2016 wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Fidelis Masao, pamoja na wenzao wa Italia, walitangaza nyayo nyingine jirani na hizo.

Hiyo ndiyo habari ya mifupa. Sasa tugeukie Kitabu.

Msikilizaji, ukisoma sura ya kwanza ya Mwanzo mstari kwa mstari hutakuta mahali palipoandikwa kwamba dunia ina miaka elfu sita. Hesabu hiyo ilifanywa na watu kwa kujumlisha umri wa mababu wanaotajwa katika Biblia. Aliyevuma zaidi ni James Ussher, askofu mkuu wa Armagh huko Ireland, ambaye mwaka 1650 aliandika kwamba dunia iliumbwa mwezi wa Oktoba, mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi mkubwa na alitumia elimu yote ya wakati wake. Lakini kuanzia mwaka 1701 hesabu yake ilichapwa pembeni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza, na vizazi vilivyosoma Biblia hizo vikaanza kuiona kama sehemu ya Maandiko. Ni kama mtu aandike hesabu za maziwa pembeni ya barua ya babu, halafu wajukuu waapie kwamba babu ndiye aliyeziandika.

Tena haikuwa lazima mtu asubiri mifupa ndipo aulize habari za zile siku sita. Jua limeumbwa siku ya nne. Je, siku tatu za kwanza, kabla ya jua, asubuhi na jioni zake zilipimwaje? Swali hilo aliliuliza Augustino, askofu wa Hippo, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Alikuwa Mwafrika wa kaskazini, akafa mwaka 430, karne nyingi kabla mtu yeyote hajasikia neno dinosaria. Yeye aliona kwamba siku zile si lazima ziwe kama siku zetu za jua kuchomoza na kutua. Na aliwaonya Wakristo wenzake wasizungumze ovyo mambo ya nyota na ardhi kwa kisingizio cha Maandiko. Akasema asiyeamini, akiwakamata wamekosea katika jambo analolijua, hatawasadiki katika mambo ya wokovu. Ningependa yule mwalimu wa kipaimara wa Karatu angeyasoma maneno ya Augustino.

Na dinosaria wa kwanza kuandikwa na kupewa jina la kisayansi alitambulishwa na nani? Na kasisi. Mwaka 1824 William Buckland, kasisi wa Kianglikana na mwalimu wa Oxford, alieleza mnyama aliyemwita Megalosaurus. Neno dinosaria lenyewe lilibuniwa mwaka 1842 na Richard Owen. Kitabu cha Darwin kilitoka mwaka 1859. Kwa hiyo si kweli kwamba dinosaria walizuliwa ili kumsaidia Darwin, kwani walimtangulia kwa miaka 35. Buckland huyo huyo mwaka 1823 alikuwa ameandika kwamba mifupa ya mapangoni ni ushahidi wa gharika ya Nuhu. Alipozidi kuchunguza aliona ushahidi haumsaidii, na mwaka 1836 akakiri kwa maandishi. Hakuacha ukasisi. Alikufa akiwa mkuu wa kanisa la Westminster, London.

Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Pius wa 12 aliandika mwaka 1950 kwamba wasomi wanaruhusiwa kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, mradi wakubali kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema kwamba elimu ya mabadiliko ya viumbe sasa ni zaidi ya dhana tu.

Pamoja na hayo sitaki kumdanganya mzee wangu kwamba mambo yote yamekwisha. Wako Wakristo wengi, Waadventista Wasabato na Wapentekoste wengi wakiwemo, wanaoshika kwamba siku sita ni siku sita za saa 24. Baadhi yao husema yule mnyama mkubwa anayetajwa katika sura ya 40 ya kitabu cha Ayubu ni dinosaria, ingawa wafafanuzi wengi huona ni kiboko. Ndugu hawa si wajinga. Wanaogopa jambo la maana: ukilegeza ukurasa wa kwanza, je, kurasa zinazofuata zitashika? Na lipo swali zito la kifo. Kama wanyama walikuwa wakifa mamilioni ya miaka kabla ya Adamu, tuelewe vipi mafundisho kwamba mauti yaliingia kwa dhambi? Wako wanaojibu kwamba fundisho lile linahusu mauti ya binadamu, au mauti ya roho, wala si ya kila mjusi. Wengine hawaridhiki na jibu hilo. Mtu anayeshika saa 24 na mtu anayeshika vipimo vya Oldupai hawawezi wote wawili kuwa sahihi juu ya umri wa mawe, na ni unafiki kujifanya wanaweza. Mimi kwa vipimo nilivyoviona sina shaka kwamba barabara ni ndefu.

Lakini urefu wa barabara haumwambii mtu nani aliyeijenga. Hapa na wataalamu wengine hujisahau. Jiwe likipimwa litakupa umri wake, halitakupa sababu ya kuwako kwake. Mtu akisimama ukingoni mwa Oldupai akasema, "Kwa kuwa fuvu hili ni la kale, hakuna Mungu," amekwisha kuacha sayansi, anahubiri. Ana haki ya kuhubiri, lakini asivae koti jeupe la maabara anapofanya hivyo.

Wazee wetu waliishi na mambo haya bila kugombana nayo. Waiiraqw walimjua Looaa, muumba mwema wanayemfananisha na jua, nao humtaja kama mama. Wamaasai humwita Mungu Enkai, na mlima wa volkano uliomwaga majivu mpaka miaka ya 2007 na 2008 wameuita Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Wenyeji wa Laetoli wanayo simulizi ya shujaa Lakalanga, aliyekuwa mzito kiasi kwamba kila alipokanyaga aliacha alama za nyayo. Waliona nyayo katika jiwe wakauliza ni za nani. Hakuna aliyewaambia wachague kati ya kuuliza na kumcha Mungu.

Tena sisi wa Karatu tunakula kutokana na majivu hayo hayo. Udongo mwekundu wa Mbulumbulu na Oldeani unaotupa ngano, kahawa na maharage umetokana na volkano za kale za nyanda hizi. Volkano ndizo zilizohifadhi fuvu, na volkano ndizo zinazojaza maghala yetu. Itakuwa ajabu kushukuru kwa mavuno na kuogopa udongo.

Liko na jambo la mwisho, ambalo ndilo lililoniuma nilipomfikiria yule binti. Mwaka 2019 dunia ilitangaziwa dinosaria mpya aliyechimbwa katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa nchi yetu. Jina lake la kisayansi ni Mnyamawamtuka moyowamkia. Ni Kiswahili kitupu: mnyama wa mto Mtuka, mwenye mifupa ya mkia iliyo na umbo la moyo. Wanafunzi wa ulimwengu mzima watalikariri jina hilo kwa shida, na mtoto wa Karatu atalielewa mara moja bila kamusi. Ardhi ni yetu, na sasa hata majina ni ya lugha yetu. Lakini mifupa haijisomi yenyewe. Kama kila msichana mwenye akili ya baiolojia atatishwa akakimbilia kwingine, tutabaki pale tulipokuwa mwaka 1909: kubeba mifupa vichwani, wengine waisome.

Basi, ndugu msikilizaji, wiki mbili baadaye nilirudi Karatu, nikamkuta mzee. Nikamweleza haya yote kwa ufupi, kisha nikamwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kufika Oldupai. Akacheka. Miaka yote hiyo anaona magari ya watalii yakipita mbele ya shamba lake, hajawahi. Tukaenda wanne, yeye, watoto wake wawili na mimi. Tukapita lango la Lodoare, tukapanda ukingo wa kreta katika ukungu, tukashuka upande wa pili kwenye jua kali hadi bondeni.

Mwongoza wageni alitueleza matabaka moja moja, jeusi la chini, la majivu, jekundu, na mengine juu yake. Mzee alisikiliza amekunja mikono nyuma. Kisha akasema, "Mwaka niliochimba kisima nyumbani nilipita udongo mwekundu, nikapita majivu, nikafika kwenye mwamba. Aliyechimba kisima hahitaji kufundishwa kwamba la chini limetangulia." Akanyamaza kidogo, akamwuliza yule kijana, "Na aliyeliweka la chini kabisa ni nani?"

Mwongoza wageni akatabasamu. "Hilo, mzee, halimo kwenye jiwe."

"Vema," akasema mzee. "Basi hilo nitaendelea kulitafuta kule ninakolitafuta kila Jumapili."

Nimesikia kwamba kijana amerudi kanisani, ingawa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na bado ana maswali. Aachwe aulize. Binti yake bado yuko kwenye biashara, kwani fomu zilikwisha kujazwa na mwaka umekwisha kupita. Yeye ndiye ninayemfikiria kila ninapopita barabara ile. Mzee aliniuliza ni yupi kati ya watoto wake aliyekosea. Mzee wangu, kama unanisikiliza leo: hakuna aliyekosea kati yao. Tuliokosea ni sisi watu wazima, tuliowapa watoto chaguo ambalo hawakustahili kupewa.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwaherini.